Akliina na Glavu za Pili

Akliina wa Kadaka aliitwa Mkono Mmoja, ingawa Mungu alimjalia mikono yote miwili, na katika kufuma hapakuwa na mwanamke kisiwani Kihnu, huku kwetu kwenye bahari ya baridi, aliyemshinda wepesi. Jina hilo lilitokana na glavu. Glavu za kwetu hazitenganishi vidole. Zina kifuko kimoja cha vidole vinne na kijifuko cha dole gumba, nazo hufumwa kwa sindano tano nyembamba za chuma, nyuzi za rangi mbili au tatu zikienda pamoja. Akliina alikuwa akianza glavu, akiifuma kwa ari hadi ncha, au hadi gumba tu, kisha akaiweka kando. Ya pili haikuja. Badala yake ilikuja ya kwanza ya jozi nyingine.

Mtu akimwuliza, hakuona haya kujieleza.

“Ya kwanza inanifundisha,” alikuwa akisema. “Ya pili inarudia tu nilichokwisha kusikia.”

Basi nyumba ya Kadaka ilijaa glavu zilizolala. Zilikuwa kwenye vikapu, kwenye msumari nyuma ya mlango, chini ya mto wa kitanda, na moja ilikaa miaka miwili ndani ya birika lililotoboka. Mumewe, Villem, alikuwa baharia katika ushirika wa wavuvi, na kwa kuwa baharini hakuna anayeweza kukaa mikono mitupu, alivaa alichokipata: kulia nyeusi yenye nyota, kushoto nyekundu yenye mistari. Wenzake chomboni hawakumwacha.

“Villem, siku hizi umeoa wake wawili?”

“Mmoja tu,” alijibu. “Ila hamalizi.”

Sindano nazo zina habari yake. Miaka ile madukani hazikupatikana nyembamba za kutosha, kwa hiyo wanaume wa kwetu walizitengeneza kwa spoki za baiskeli, wakizikata na kuzinoa ncha kwenye jiwe. Villem alikuwa fundi wa kazi hiyo. Akliina alipotaka kuanza glavu mpya, na sindano zote zikawa zimelala ndani ya glavu za zamani, hakuzichomoa; alimtazama tu mumewe, na baada ya siku chache baiskeli fulani kijijini Linaküla ilianza kuyumba. Mwalimu wa shule alishindwa kabisa kuelewa kwa nini gurudumu lake la nyuma lilizidi kupinda kila majira ya baridi. Spoki za baiskeli ile zilikuwa nyembamba kuliko zote, na kwa seti iliyotokana nazo Akliina alifuma kazi zake nzuri.

Sisi majirani tulimpenda. Jioni za vuli tulikuwa tukikusanyika nyumbani kwa Leeni, jirani wa ukuta kwa ukuta, kila mtu na kazi yake mapajani, taa moja katikati, kahawa ikichemka taratibu. Mimi nilikuwa nafuma soksi za kijivu, kazi isiyo na habari, na nilipenda kukaa karibu na Akliina ili nitazame. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe. Macho yake yalikuwa kwingine, na wakati wa kufunga kazi mara nyingi tulimkuta amehama kutoka glavu aliyokuja nayo hadi nyingine aliyoianzia palepale.

Hayo yote yalikuwa ya kuchekesha mpaka Agosti ile binti yake wa pekee, Maret, alipochumbiwa.

Aliyemchumbia alikuwa Aado wa shamba la Tammiku, upande wa kijiji cha Sääre, kijana mtulivu. Hakuna aliyekuwa na neno juu yake. Neno lilikuwa juu ya sanduku. Kwetu bibi harusi haendi kwa mumewe bila sanduku la zawadi, na siku ya pili ya harusi sanduku hilo hufunguliwa mbele ya ukoo wa bwana harusi. Hutolewa soksi, mikanda, mashati, na zaidi ya yote glavu, kila mgeni na jozi yake, jina baada ya jina, wanawake wakiimba. Jozi hufungwa kwa uzi pindoni, na anayepewa huivaa palepale. Hapana njia ya kuficha kitu. Maret, ambaye alifanya kazi posta, alikuwa mfumaji wa polepole lakini wa kuaminika. Soksi na mikanda alikwisha kuviweka tayari kwa miaka mitano. Glavu zilikuwa sehemu ya mama. Majina ya ukoo wa Tammiku yalikuwa arobaini.

Na mama mkwe mtarajiwa alikuwa Irina. Niseme tu kwamba Irina wa Tammiku aligeuza glavu nje ndani kabla ya kuisifu. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mtu aliyemaliza: akianza safu aliimaliza, akianza jozi aliimaliza, na hakuwahi kuonekana na kazi mbili kwa wakati mmoja. Watu wa Sääre walimheshimu kwa hilo, na kidogo walimwogopa.

Jumapili moja baada ya ibada, Maret alifungua vikapu vyote, akatungua zilizo msumarini, akainua mto, akatoa kila kitu mezani. Mimi na Leeni tulikuwapo, tumekuja na mkate. Alizipanga moja moja. Jozi kamili zilikuwa kumi na moja. Zilizobaki zilikuwa glavu ishirini na tisa, kila moja peke yake, nyingine bila gumba, na hapakuwa na mbili zilizofanana.

“Mama,” alisema Maret, “hizi ni za watu gani? Waliokatwa mkono?”

“Usinitanie, mwanangu. Zote ni nzuri.”

“Sijasema ni mbaya. Nasema wageni wana mikono miwili.”

Villem, aliyekuwa akivuta kiko karibu na jiko, alikohoa. Leeni alijifanya anakata mkate.

“Harusi ni kabla ya mfungo wa Krismasi,” Maret aliendelea. “Zimebaki siku tisini na nne. Ukiwa na kasi yako unamaliza glavu moja kwa siku tatu. Ishirini na tisa mara tatu, piga mwenyewe.”

Akliina alipiga. Ilitosha, na zilibaki siku saba.

“Kwa hiyo unaweza,” Maret alisema. “Ila huwezi kuanza kitu kingine. Hata kimoja. Niahidi.”

“Nakuahidi.”

“Si hivyo. Weka mkono juu ya sanduku.”

Mama mtu aliweka mkono juu ya sanduku, akaahidi mbele yetu kwamba hatatia sindanoni glavu mpya mpaka binti yake avishwe aproni ya mke, ile isiyovaliwa kabla ya ndoa. Maret hakutabasamu. Alimjua mamake. Lakini aliitikia kwa kichwa, na kuanzia siku ile hakuuliza tena, jambo ambalo kwa maoni yangu lilikuwa ndilo la heshima zaidi alilolifanya.

Ningependa kusimulia kwamba Akliina aliteseka, lakini kwa macho ya nje hakuonyesha. Alichukua glavu ya juu, akaigeuza, akahesabu vitanzi, akaanza mwenzake. Alitumia ile seti moja ya spoki nyembamba za baiskeli ya mwalimu, kwa kuwa karibu zote ishirini na tisa zilianzwa kwayo. Agosti ikaisha. Viazi vikachimbwa, naye akafuma akitembea kwenda shambani, donge la uzi kwapani, kama wanawake wote wa kwetu wanavyofanya. Septemba ikaja na upepo wake. Kwa Leeni tulimchokoza.

“Leo ya ngapi, Mkono Mmoja?”

“Ya kumi na sita.”

“Na hujaanza kitu?”

“Nimeahidi.”

“Hebu nione chini ya sketi.”

“Katazame chini ya sketi yako, Leeni. Huko nako kuna vitu ulivyoviacha nusu.”

Tulicheka hadi taa ikatikisika. Lakini mimi niliyekuwa karibu naye niliona kwamba mtu aletapo donge la uzi mpya, hasa uzi wa rangi ile nyekundu ya mizizi ya porini, Akliina aligeuza uso kama mtu aliyefunga saumu anayepita karibu na jiko la jirani.

Katikati ya Oktoba alikuwa amemaliza za pili ishirini na mbili. Zilibaki saba. Alikuwa mbele ya hesabu ya Maret, tena kwa siku kadhaa. Ndipo bibi Feodora alipokuja.

Feodora alikuwa na miaka tisini na moja, akiishi peke yake mwisho wa kijiji, na mwaka ule mwanawe wa mjini Pärnu alikuwa amemshinda kwa maneno: akae naye majira ya baridi. Alikuja Kadaka kwa fimbo, akaketi, akakataa kahawa, akatoa kitambaa kifuani. Ndani ya kitambaa mlikuwa na glavu moja, imeliwa na nondo, nyeupe iliyogeuka rangi ya chai.

“Ya mama yangu,” alisema. “Yeye aliipata kwa mama yake. Tazama mkono wako ulivyo mwepesi, mwanangu, kabla sijaondoka nataka nijue kwamba kuna mtu anayo nakshi hii.”

Akliina aliipokea. Nakshi ilikuwa kama nyayo za shakwe juu ya theluji, mstari ukipita huku na mwingine kule, ila kila safu ya tatu nyayo ziligeuka na kurudi zilikotoka, na zilipofika kwenye gumba hazikukatika kama nakshi zetu zinavyokatika. Zilizunguka gumba na kuendelea. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo.

“Imepitaje hapa?” Akliina aliuliza, akiwa amekwisha kuinama juu yake.

“Sijui. Mimi sikuwa hodari. Mama alisema ukifuma utaona, usipofuma huoni.”

“Iache hapa, bibi. Nitaifuma baada ya harusi.”

“Baada ya harusi mimi nipo Pärnu, nayo ipo nami. Nitazikwa nayo, hilo nimekwisha kumwambia padri. Meli yangu ni Alhamisi ya wiki ijayo.”

“Basi niichore.”

Bibi kizee alimtazama kana kwamba amesema jambo la aibu. Na kweli kwetu nakshi haichorwi karatasini. Anayeitaka huifuma, na ikishapita kwenye vidole vyake ni yake, hawezi kuisahau hata akitaka. Aliyeichora tu ana karatasi.

Alhamisi ya wiki ijayo ilikuwa siku nane mbele. Akliina alikaa na glavu ile mapajani hadi Feodora alipotoka na fimbo yake ikaacha kusikika barabarani. Nilikuwa nimekuja kuazima ungo, nikamwona akihesabu kwa midomo. Najua alichokihesabu: glavu saba, siku zilizobaki, na upungufu wa siku nane ndani yake. Kisha alichomoa zile sindano nyembamba kutoka glavu ya ishirini na tatu aliyokuwa ameianza asubuhi, vitanzi akavipitisha kwenye uzi vipate kusubiri, na akatia sindanoni pindo jipya.

“Hujaniona,” aliniambia.

“Nimekuja kuchukua ungo,” nilijibu.

Kwa siku nane alifuma glavu ya Feodora na kuificha ndani ya pipa la unga wa mkate kila Maret aliporudi kutoka posta. Aligundua siri ya gumba siku ya sita. Alikuja kunigongea dirisha mchana kweupe, unga umemjaa mikononi, kunionyesha, na sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na furaha ya namna ile kwa sababu ya vitanzi kumi na viwili. Siku ya nane glavu ilikuwa imefika juu kidogo ya gumba. Akamrudishia Feodora ya kwake, akambusu mkono, meli ikaondoka. Kazi mpya akaiacha pipani ikiwa na sindano zake, kwa maana alikwisha kuipata, na sasa alitaka kulipia siku alizoziiba.

Akachukua seti nyingine ya sindano kutoka kikapuni, akavirudisha vitanzi vya glavu ya ishirini na tatu, akaendelea. Alifuma haraka. Alimaliza glavu saba kwa siku kumi na nane, na Alhamisi kabla ya harusi, arobaini zote zilikuwa zimefungwa pindoni. Alikuwa ametimiza. Hata mimi niliyejua la pipani nilidhani ametimiza.

Seti ile ya kikapuni ilitokana na baiskeli ya posta.

Nieleze hapa, kwa kuwa ndipo penye jambo. Baiskeli ya posta ilibeba mizigo, na spoki zake ni nene kidogo kuliko za baiskeli ya mwalimu. Ni unene wa unywele. Mkononi huujui, hasa kama mawazo yako yako kwenye nyayo za shakwe. Na glavu mbichi, ikiwa bado na mafuta ya sufu ya kondoo, inashikamana na kujibana, huwezi kuona. Inapooshwa kwa sabuni na maji ya moto ndipo uzi unapolegea na kila kitanzi kinapokaa mahali pake. Vitanzi ni zaidi ya mia kuzunguka mkono. Unywele mara mia si unywele tena.

Alhamisi hiyo Maret aliomba ruhusa kazini. Waliosha pamoja, mama na binti, wakazitandaza kwenye mabenchi mbele ya jiko, jozi karibu na jozi. Mimi na Leeni tulikuwa tunakunja mikanda. Baada ya chakula cha mchana zilianza kukauka, na Maret akapita akizipapasa. Akasimama. Akainua jozi moja, akaiweka kiganja juu ya kiganja. Akainua nyingine.

“Mama, njoo.”

Akliina alikuja akijifuta mikono.

“Hii ya kushoto ni ya mtu mzima. Hii ya kulia ni ya nani? Ya farasi?”

Jozi saba zilikuwa hivyo. Glavu ya pili ilizidi ya kwanza kwa upana wa kidole, na urefu wake ulipita kwa ukucha mzima. Akliina alizitazama, na kabla hajaulizwa alijua. Alikwenda kikapuni, akachukua zile sindano, akazipitisha mdomoni, kati ya meno, kama wanavyofanya wapimao unene.

“Za posta,” alisema polepole.

“Na za mwalimu ziko wapi?”

Leeni aliangalia mkanda wake. Mimi, Mungu anisamehe, niliangalia pipa la unga, na Maret alifuata macho yangu. Alifunua kifuniko, akaingiza mkono, akatoa glavu ile, akaikung'uta. Unga ulianguka sakafuni. Aliigeuza huku na huku. Alikuwa binti wa mfumaji, aliona nakshi ile ni kitu gani, na hilo, nadhani, ndilo lililomuumiza zaidi.

“Uliniahidi, Mama.”

“Niliahidi.”

“Uliweka mkono.”

“Feodora alikuwa anaondoka, mwanangu. Ingepotea.”

“Ungeniambia. Ningesema fuma, tupunguze majina. Ningekwenda kwa Irina mwenyewe niseme jozi ni thelathini na tatu. Sasa Jumapili nitasimama mbele ya ukoo mzima na kumvisha mtu glavu ya farasi.”

Sauti yake haikupanda. Alirudisha glavu mezani, si pipani.

“Nitazifumua,” alisema Akliina. “Nitakaa usiku na mchana.”

“Saba? Kwa siku mbili?”

Leeni alisema, “Tunaweza kugawana, kila mtu mbili.”

“Mkono wako unakaza, dada Leeni, na wa huyu jirani unalegea. Tutapata saizi tatu badala ya mbili.”

Ilikuwa kweli. Kisha Akliina alivua aproni ya kazi, akavaa ile ya kutokea, akazifunga jozi saba katika kitambaa na ile glavu ya nakshi ya Feodora juu yake.

“Unakwenda wapi?” Maret aliuliza.

“Tammiku.”

“Utaniaibisha siku tatu mapema.”

“Aibu ni yangu. Acha niipeleke mwenyewe.”

Maret alifikiri. “Nenda basi,” alisema. “Aliyeahidi ni wewe.”

Nilimpeleka kwa pikipiki yangu, yeye ameketi kwenye kigari cha pembeni, kitambaa mapajani. Njia ya Sääre haina urefu.

Irina alikuwa jikoni akikagua mikate ya harusi, ishirini na zaidi, iliyopangwa kama askari. Alitukaribisha kwa adabu. Akliina alifungua kitambaa mezani na kueleza yote bila kujitetea: ahadi, bibi Feodora, pipa, sindano za posta. Irina alisikiliza akiwa amesimama. Halafu aliketi, akachukua jozi ya kwanza, akaigeuza nje ndani, akapima. Ya pili. Ya tatu. Alipima zote saba, nasi tulisubiri kama watoto mbele ya mkaguzi.

“Vitanzi viko sawa,” alisema mwishowe. “Kazi ni safi. Lakini hizi si pea, mkwe.”

“Najua.”

“Pea ni vitu viwili vinavyojuana. Hizi zimekutana barabarani.”

“Najua, Irina. Nimekuja ili usije ukazikuta sandukuni. Maret hana kosa. Ukitaka kusema Jumapili, nitaje mimi.”

Irina alikuwa amekwisha kuchukua glavu ya Feodora. Aliigeuza nje ndani kama nyingine, na hapo mkono wake ulisimama. Alifuata nyayo kwa ukucha hadi kwenye gumba, akazunguka nazo, akatokea upande wa pili. Akarudi. Akazunguka tena.

“Imepitaje hapa?”

“Vitanzi kumi na viwili vinasubiri kwenye uzi,” Akliina alisema, na uso wake ukabadilika, akavuta kiti karibu bila kuombwa. “Unavichukua kwa kurudi nyuma. Kutoka huku. Unaona?”

“Kwa kurudi nyuma!”

“Ndiyo. Siku sita zilinipotea hapo.”

“Hazikupotea,” alisema Irina.

Vichwa vyao vilikuwa karibu. Mikate ilisahauliwa. Sijui muda gani ulipita; nakumbuka kwamba mumewe Irina aliingia, akatutazama, akatoka. Hatimaye Irina aliweka glavu chini, lakini vidole vyake vikabaki juu yake.

“Humu ndani tuko watu saba,” alisema. “Mimi, mzee wangu, mama yake, Aado na wadogo zake watatu. Wageni watapewa zile zilizo sawa. Hizi saba zitatangazwa kwa majina yetu.”

Akliina alishtuka. Kwetu watu wa nyumba ya bwana harusi ndio hupewa glavu bora kuliko zote. Wageni wote huzitazama.

“Haiwezekani. Watu watawacheka.”

“Watacheka siku tatu, na harusi ni siku tatu. Mgeni akipewa hii atakwenda nayo mpaka kijiji cha Lemsi akiionyesha njiani. Mimi nikipewa, nitamwonyesha nani?” Alivuta pumzi. “Lakini hii ya Feodora iache hapa.”

“Haijaisha.”

“Ndiyo sababu. Wewe hutaimaliza.”

Lilikuwa neno gumu, na Irina alilisema kama mtu asemaye saa. Akliina aliitazama glavu ile, zile sindano nyembamba tano zikiwa zimesimama ndani yake. Nilidhani atakataa. Alinyoosha mkono, akalilainisha gumba, akausogeza ule uzi upande wa Irina.

“Safu ya tatu inageuka,” alisema. “Usisahau.”

“Mimi sisahau,” alisema Irina.

Harusi ilikuwa kama harusi zetu zilivyokuwa. Jumamosi kanisani, Jumapili sanduku. Wanawake waliimba majina, Maret akatoa jozi, wageni wakavaa na kuinua mikono juu. Thelathini na tatu zilikwenda bila doa. Kisha likaja jina la mzee wa nyumba, na watu wakanyoosha shingo kuona uzuri uliowekwa akiba kwa ajili yake. Alivaa. Glavu ya kushoto ilimkaa vema. Ya kulia ilining'inia ncha yake kama kofia ya kulalia. Kicheko kikaanzia karibu na mlango. Aado naye akavaa, wadogo zake wakavaa, bibi yao akavaa, na kicheko kikakua.

Irina aliitwa wa mwisho. Alivaa jozi yake taratibu, akaziinua mbele ya watu wote, kubwa na ndogo, akazishikilia juu mpaka kicheko kilipochoka chenyewe.

“Kama kuna asiyependa,” alisema, “na arudishe bia.”

Hakuna aliyerudisha. Waimbaji wakaendelea. Maret, aliyekuwa mwekundu hadi masikioni, alimaliza kazi yake, akavishwa aproni ya mke, na watu wakaanza kucheza.

Baadaye, jua lilipokuwa bado juu ya miti ya mireteni, alimfuata mamake uani. Akliina alikuwa amesimama karibu na ukuta wa ghala, mikono yake mitupu, na kwa mwanamke wa kwetu hicho ni kitu cha kutazamwa mara mbili. Mimi nilikuwa nikijaza mtungi wa bia pembeni.

“Umeona?” Maret alisema. “Wamecheka.”

“Nimeona.”

“Uliniahidi.”

“Niliahidi, mwanangu. Sikutimiza.”

Maret alinyoosha aproni yake mpya, ambayo ilikuwa bado ngumu. “Jana watu wote walikuwa wanakata nyama,” alisema, “na mama mkwe hakuonekana. Nilimkuta chumbani amejifungia.”

“Na ile glavu?”

“Na ile glavu. Ameshaimaliza.”

“Safu ya tatu imegeuka?”

“Imegeuka. Amekwisha kuanza ya pili.” Maret alimtazama mamake, wala si kwa kutabasamu. “Ni nzuri, Mama. Ningetaka ungeniambia.”

“Nami ningetaka.”

Ndani, wanawake walianza kumwita bibi harusi kwa jina la shamba lake jipya. Maret hakwenda mara moja. Aliuchukua mkono wa mamake, ule wa kulia, ulio baridi, akauweka ndani ya mfuko wa aproni pamoja na wa kwake, wakasimama hivyo kidogo. Kisha akautoa, akaingia ndani.